Hab ya Nyuma ya Baba Becky

Mimi ndiye ninayelala chini. Nianzie hapo, ili mjue ni kwa nini msusi asiyejua hata kuendesha baiskeli aliingizwa kwenye maneno ya hab.

Mume wangu, Opondo, anachomelea milango na madirisha Kawangware, steji ya 46, na nyumba yetu iko Soweto West, Kibera. Wiki nzima ni mtu mpole tu, mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi. Jumapili baada ya kanisa anageuka. Anapanda baiskeli ndogo isiyo na kiti, anaisimamisha kwa gurudumu la nyuma, na kuruka nayo kutoka jiwe hadi jiwe, bila mguu kugusa ardhi. Wenyewe wanauita mchezo huo trials. Mama yangu anauita wazimu. Mwisho wa onyesho mimi hulala chali uwanjani, karibu na zile ghorofa za Soweto East, naye ananiruka. Watu wanapiga mayowe. Mimi nafumba macho na kumtaja Mungu.

Mwaka huu hab ya nyuma ikaanza kutuchezea. Hab ni pale katikati ya gurudumu, spoki zote zinapokutana. Ndani yake mna vikucha vya chuma ambavyo hukamata meno ukikanyaga pedali. Visipokamata, mguu unakwenda bure na baiskeli inabaki palepale. Na Opondo, akitaka kuruka, anategemea kukanyaga mara moja tu. Mwezi wa tano vikucha viliteleza akiwa juu ya ukuta wa mtaro. Akaangukia kidevu, akashonwa nyuzi nne. Nilimwambia wazi kwamba silali tena chini ya hicho chuma mpaka apate hab inayoshika.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma. Isaac, muuza spea wa Kawangware, alisema, "Chukua hii ya meno mob. Ukigusa pedali tu, imeshika." Jirani yetu Nicanor, ambaye baiskeli anazijua kwa kuziangalia kwa simu, akasema, "Zii, hayo meno mengi ni madogo, yatakatika. Tafuta machache, manene." Mwingine akasema shida ni ekseli. Mwingine akasema shida ni uzito wa Opondo. Mume wangu alikuwa akila ugali huku ananihesabia meno ya vyuma, na mimi naitikia tu kama niko kanisani.

"Baba Becky," nilimuuliza, "kwani hii ni baiskeli ama ni mtihani?"

Akachukua ile ya Isaac. Siku ya kwanza ilishika vizuri mno. Wiki iliyofuata, ikateleza. Akatafuta ya mtumba, chuma kitupu, nzito, meno machache kama alivyotaka Nicanor. Siku ya kwanza, safi. Wiki iliyofuata, ikateleza. Sasa meno mengi yanateleza, machache yanateleza, mpya inateleza, kuukuu inateleza. Mimi nikaanza kushuku majirani. Nisiseme uongo, nilifikiria hata kumwita mchungaji aiombee.

Badala yake nilitia hab zote tatu kwenye mfuko, nikamvuta Opondo mpaka kwa Lusweti, anayetengeneza baiskeli na mikokoteni hapo Kawangware. Ni mtu wa kwetu, hawezi kunidanganya. Alifungua ya kwanza, akachungulia, akafungua ya pili na ya tatu.

"Nani ameshindilia grisi hapa?"

"Ni mimi," Opondo akasema, tena kwa fahari. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anafungua hab na kuijaza grisi mpaka inafurika, kama alivyofunzwa na marehemu baba yake, aliyebeba abiria kwa baiskeli Kisumu miaka ishirini.

"Sikia, ndugu yangu," Lusweti akamwambia. "Mzee alikuwa Kisumu, kwa joto, anakanyaga polepole na mtu nyuma. Wewe uko Nairobi, Julai, na unataka ishike saa hiyo hiyo. Hii grisi ikipata baridi inakuwa ngumu, vikucha vinalala. Hab zako zote tatu ziko poa. Weka mafuta ya cherehani, matone mawili, basi."

Nilitaka kucheka. Miezi miwili ya meno mengi na machache! Lakini nilipomwangalia Opondo, kicheko kiliniishia. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye baba yake ametukanwa.

"Mzee alijua baiskeli," akasema, na hakuna aliyekuwa amebisha.

Lusweti aliosha ile nzito kwa mafuta taa, akaidondoshea mafuta ya cherehani. Alhamisi ilishika. Ijumaa ikashika kutwa nzima. Nikakubali kulala.

Jumapili kulikuwa na baridi ya kukata mifupa. Nilitandika leso uwanjani, nikajilaza. Opondo akainama kuninyooshea pindo, na nikaona kucha zake. Zilikuwa nyeusi, zimejaa grisi.

"Baba Becky, umeweka?"

"Kidogo tu."

"Kidogo aje?"

"Singeweza kuacha chuma kikae hivyo, Mama Becky. Mzee hangeacha."

Nilimpenda na nikataka kumpiga kofi, yote mara moja. Niliinuka. Watu wakanizomea, wakaniita mwoga, mmoja akasema nimrudishie Opondo mahari. Nikaiacha leso palepale, imebaki na umbo langu.

"Ruka hiyo," nikamwambia.

Alirudi nyuma, akasimamisha baiskeli, akaruka mara moja, mara mbili, akafika pembeni ya leso na kukanyaga kwa nguvu zake zote. Tukasikia krrr. Baiskeli haikwenda mbele. Gurudumu likashuka katikati ya leso, pale kilipokuwa kifua changu dakika moja iliyopita.

Watu walicheka wakidhani ni sehemu ya onyesho. Opondo aliiacha baiskeli ianguke. Akapiga magoti, akaanza kufuta alama ya tairi kwenye leso kwa kiganja, anafuta na kufuta, na ile grisi ya vidoleni inazidi kuichafua. Nilimshika bega. Alikuwa analia, na watu walikuwa bado wanapiga makofi.