Kabati Fupi la Jiko Langu

Nisikilizeni kwanza, halafu mcheke. Maduka ya Manyoni yalikuwa yameanza kujaa vitu, nami nikataka jiko langu dogo la kijijini Mkiwa lipate kabati la kisasa, ukuta hadi ukuta. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikapima kwa kamba ya katani mara tatu. Nikampelekea fundi seremala wa mjini kamba hiyo, pamoja na jogoo wa shukrani. Njiani, kitambaa nilichomfungia jogoo miguu kikakatika. Nikamfunga upya.

Kabati likaja. Fupi! Pengo la shibiri mbili, panya wanapita watakavyo. Nikarudi mjini nikifoka mbele ya wateja wa fundi.

“Shikamoo mzee, lakini umeniibia mbao!”

“Marahaba, mwalimu.” Akatandaza kamba yangu juu ya meza. Ilikuwa na urefu uleule wa kabati.

“Basi umeikata!”

“Imekatwa kweli.” Akainama chini ya meza alikokuwa jogoo niliyemletea, akamfungua kamba ya mguuni, akaiunganisha na ile ya mezani. Ikaongezeka shibiri mbili kamili.

Wateja wakanigeukia. Wembe wangu wa kuchongea penseli ulikuwa bado mkobani, una nyuzi za katani.