Wembe Ukiwa Shingoni

Kinyozi huyu anaitwa Taratibu. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alipewa na wateja waliochoka kusubiri. Kichwa ambacho vinyozi wengine hukimaliza kabla ya wimbo mmoja kwisha redioni, yeye hukilea kama mtoto mchanga: anakigeuza, anarudi nyuma kidogo, anakitazama kwa jicho moja, anakisogelea tena. Nimenyolewa katika miji mingi, mingine kwa lugha ambazo nilijua kusema "fupi" na "basi" tu, na bado sijaona mkono mwepesi kama wake.

Duka ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Mna kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena, kioo chenye ufa pembeni, na pazia la maua linalotenganisha kazi na familia. Nyuma ya pazia anaishi na mkewe. Watoto wameshaoa na kuolewa, kila mmoja kwake. Nje, kando ya mlango, palikuwa na benchi la saruji, refu, limesuguliwa mpaka likawa laini kama sahani. Kaka yake mkubwa alikuwa mwashi, na benchi hilo ndilo lililokuwa kazi yake ya mwisho kabla hajafa. Wanaume wa uchochoro ule walikaa hapo hata wakiwa hawana nywele za kukatwa.

Taabu ya nyumba ile ilikuwa moshi. Nyuma kuna kiwanja kitupu, na katikati ya kiwanja lilisimama pipa lililokatwa juu. Kila jioni mmoja au mwingine alimwaga humo taka zake, akatia kiberiti: maganda, matambara, viatu vilivyokufa, mifuko ya plastiki. Moshi wake haukupanda juu kama moshi wenye adabu. Ulitambaa chini, ukaingia chumba cha nyuma bila hodi. Na mke wa Taratibu ana pumu.

Muuguzi wa zahanati alimwambia waziwazi, mumewe akiwa amesimama pembeni na kofia mkononi. "Mama, dawa hii ya kuvuta ni mwavuli tu, na kwako mvua inanyesha ndani ya nyumba. Ama moshi uondoke, ama uondoke wewe."

Dada mkubwa wa mke, anayekaa ng'ambo ya pili ya mji, alisikia hayo na hakungoja kuombwa. Akapiga rangi chumba, akanunua godoro. Mwezi ukiisha, alisema, nakuja kumchukua mdogo wangu. Taratibu hangeweza kufuata. Duka halibebeki kichwani. Watu wale wawili hawakuwa wamewahi kuishi mbalimbali tangu siku ya harusi, hata walipogombana. Hasa walipogombana.

"Mwambie dada asijisumbue," Taratibu alisema. "Mimi nina watu."

Na kweli alikuwa na watu. Hakuna kidevu cha uchochoro ule ambacho hakikupita mikononi mwake. Wengine wakitaka kuwakusanya wakazi huita mkutano, na mkutano ukiitwa, wanakuja wale wasio na kazi na wale wenye ugomvi. Taratibu aliona ana njia bora zaidi: watu walikuwa wanajileta wenyewe, mmoja mmoja, wanafungwa shuka shingoni na hawana pa kukimbilia.

Akaanza na seremala. Alimpaka povu, akaweka wembe chini ya taya.

"Moshi huu utatumaliza, bwana."

"Mmh," alisema seremala.

"Kuanzia Jumatatu tuache kuchoma. Kila nyumba ipeleke taka barabarani, pale anaposimama yule wa mkokoteni."

"Mmh."

"Maana yule mvivu haingii tena huku ndani. Zamani alikuwa anapita mlango kwa mlango. Siku hizi anasimama kule juu kama bwana harusi, anangoja kuletewa. Uvivu mtupu!"

"Mmh," alisema seremala, kwa sauti nyembamba zaidi.

Hivyo hivyo kwa mpishi wa shule, kwa mlinzi wa benki, kwa mwalimu wa hesabu na shemeji yake. Mmh, mmh, mmh. Wiki mbili Taratibu alifanya kazi ya kunyoa na kazi ya siasa kwa mkono mmoja. Jumapili jioni alimwambia mkewe, akiwa amejaa fahari kama kuku aliyetaga, "Uchochoro mzima umekubali. Hakuna hata mmoja aliyepinga."

Jumatatu alifungua dirisha la nyuma kwa mkono wake mwenyewe.

Moshi ulikuja saa ileile ya kila siku, na siku ile ulikuwa wa godoro. Mkewe alikohoa mpaka akakaa chini. Alipovuta dawa, pumzi ikarudi, alimtazama mumewe kwa muda, akaanza kucheka taratibu, maana kucheka kwa nguvu kulimchosha.

"Unacheka nini?"

"Baba watoto, hao watu walikubali, au uliwawekea wembe shingoni?"

"Waliitikia wote!"

"Kuitikia! Hata mimi ningeitikia. Mtu mwenye wembe shingoni hakubali, anatulia. Haya niambie, seremala umemwona lini amebeba ndoo ya taka? Na mwalimu wa hesabu? Umeshauriana na videvu, mume wangu. Taka zinabebwa na wake zao, na wake zao wako kwa msusi."

Kwa msusi ni mlango wa nne kutoka kwake. Taratibu hakuwa amewahi kuukanyaga. Alikuwa akipaita kiwanda cha umbea, naye msusi aliliita benchi la Taratibu chuo kikuu cha waliofeli. Salamu zilikuwepo, lakini za kupita.

Kesho yake alikwenda. Alikuta wanawake watano: mmoja mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, wengine wakisubiri zamu na kumenya machungwa. Kicheko kilichokuwa kikisikika tangu nje kikakatika.

"Karibu, shemeji," alisema msusi. Alimwita shemeji kwa sababu mkewe alikuwa kwake kama dada. "Umekuja kusuka? Mbona nywele zako hazitoshi hata msuko mmoja."

Walicheka, naye akacheka kidogo. Alibaki amesimama mlangoni, mikono haina wembe, haijui iwekwe wapi.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya moshi. Nilizungumza na waume zenu..."

"Tumesikia. Wangu alirudi nyumbani amenyoka kama askari. Nikamuuliza, mlikubaliana nini? Akasema, sijui, nilikuwa naangalia ule wembe."

"Basi nawauliza nyinyi. Mwenzangu anaumia. Mwezi ukiisha anachukuliwa na dada yake. Kwa nini tusipeleke taka barabarani?"

Yule wa mkekani, mke wa seremala, alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe umewahi kukipanda kile kilima na ndoo ya magamba ya samaki inakuchuruzikia mgongoni? Na mtoto mkononi? Ukifika, mkokoteni umeshaondoka. Unarudi nayo. Pipa liko hatua tatu."

"Ndiyo nasema, yule mvivu arudi kupita huku ndani kama zamani..."

Mmoja alijishughulisha na mbegu ya chungwa. Msusi aliweka chanuo chini.

"Shemeji, tukwambie?"

"Niambieni."

"Si mvivu. Mkokoteni haupiti. Ulikuwa unapita mpaka lilipojengwa benchi lako. Alijaribu mara ya kwanza, gurudumu likakwama baina ya benchi na ukuta wa mwalimu. Alijaribu mara ya pili, akapindua taka zote mlangoni kwa seremala. Basi, akaacha. Tangu hapo ndipo pipa likaletwa kiwanjani."

Taratibu alitazama chini, kwenye maganda ya machungwa. "Miaka yote hiyo? Na mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani akwambie?" alisema mke wa seremala. "Waume zetu? Wakukasirishe wewe, halafu wakupe shingo?"

"Na yeye mwenyewe wa mkokoteni?"

"Yule ana kichwa kama yai," alisema msusi. "Hajawahi kuwa na haja nawe."

Nimefika mahali pengi ambapo mtu mwenye madaraka huambiwa "mmh" na watu wake wote, akalala usingizi mzuri. Wachache sana hutembea milango minne kwenda kuulizia. Wanaorudi nyumbani kama alivyorudi Taratibu ni wachache zaidi. Hakupita kwenye benchi, alipita pembeni yake, kama mtu anayempisha mgonjwa.

Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Begi lilikuwa wazi.

"Wewe ulijua," alisema Taratibu.

"Nilijua."

"Unakosa pumzi kila jioni, na unajua sababu, na hunambii?"

Alikunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Ilikuwa kazi ya mwisho ya kaka yako. Asubuhi nilikuwa nakuona unalipangusa kabla hujafungua duka. Ningekwambia nini? Livunje?"

Taratibu alikaa kando ya begi. Kisha akatoa kanga moja kutoka kwenye begi, akairudisha kabatini, vibaya, imejikunja pembe. Mkewe akainuka kuitengeneza.

Jumapili iliyofuata alileta nyundo kubwa ya kuazima. Hakuwa ametangaza, lakini msusi alikuwa ametangaza kwa niaba yake, na kwa msusi tangazo halichelewi. Wanaume walitokea na patasi, mitaimbo, nyundo za kila namna. Seremala alisema angependa kuvunja mwenyewe pale alipokuwa akikaa, na wengine wakadai hivyo hivyo, ikawa kila mmoja anavunja nafasi yake. Saruji ya marehemu haikuwa ya mchezo. Nyundo zilidunda.

"Kaka yako alichanganya na nini hii?" alilalamika mpishi wa shule, jasho likimtoka. "Alijua tutakuja?"

"Alikuwa haibi saruji," alisema Taratibu. Ndiye aliyepiga pigo la kwanza na ndiye aliyepiga la mwisho. Katikati aliingia ndani mara moja, akanawa uso, akatoka.

Vipande hawakuvitupa. Wanawake walivipanga kuanzia bombani, mahali ambapo palikuwa na tope mwaka mzima, na sasa ukienda kuteka maji unakanyaga benchi la Taratibu.

Mkokoteni uliingia siku mbili baadaye. Mwenye kichwa cha yai aliusukuma polepole, akitazama kushoto na kulia kama aliyerudi kwenye nyumba ya zamani, na ndoo zilimngojea milangoni. Pipa la kiwanjani bado lipo. Seremala huchoma maranda yake mara mojamoja, na akifanya hivyo mkewe humsema mpaka jirani wanamwonea huruma. Lakini jioni nyingi hakuna kitu. Dada mtu alikuja mwezi ulipokwisha, akala, akalala siku mbili kuhakikisha, akaondoka peke yake akinung'unika kuhusu godoro alilonunua.

Mimi nilifika baada ya hayo yote. Nje ya duka nilikuta benchi la mbao, jepesi, wamelikalia wanaume wanne. Mara sauti ikatoka kilimani, "Njiaaa!" Wanne wale wakasimama, kila mmoja akashika upande, wakalinyanyua benchi, wakajibana ukutani nalo kama wanajeshi wenye bunduki moja. Mkokoteni ukapita. Wakaliweka, wakakaa, wakaendelea na sentensi waliyoiachia katikati.

Taratibu alininyoa kwa muda wake. Alipokaribia kumaliza, alifanya jambo ambalo sijaona likifanywa na kinyozi mwingine. Alifunga wembe, akauweka kwenye rafu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa pazia, akaonyesha viganja vyote viwili kuwa ni vitupu.

"Haya," alisema. "Sasa nambie. Umeonaje?"

Nilijitazama kiooni, nikapima. "Ndevu za kushoto ziko juu kuliko za kulia."

"Hata mimi nimeziona," ilisema sauti ya mkewe nyuma ya pazia.