Besmenti yangu ya Bongwe ilivyoota koga, na sanduku la arusi la Bi Mwanakombo likiwa ndani

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjasema.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, si binamu yangu wala rafiki wa rafiki. Mashahidi wako hai na wengine bado wananicheka nikipita. Nikidanganya hapa nitaumbuliwa kabla ya adhuhuri.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mimi ni Mutua. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme tuliachana kwa amani. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Kombani, nyumba za kupangisha Ukunda, na mbuzi Kinango ambao mchungaji wao ana mchungaji wake. Watu wenye digrii huja kuniuliza simiti gani inafaa.

Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Sasa mtu mwerevu hivi ndiye aliyejenga chumba kilichotoa jasho kuliko waliokichimba.

Turudi nyuma. Ni mwaka wa tisini na saba, ile mvua ya El Niño ikiwa haijafika.

Mimi nimezaliwa Ukambani, upande ule ambao wingu likipita watu hutoka nje kulitazama kama msafara wa arusi. Kwetu adui ni vumbi. Ukitaka kitu kidumu unakifungia ndani na kuziba kila tundu. Hiyo ndiyo elimu niliyoshuka nayo Pwani.

Nilipofika Diani nilipata kazi ya kubeba masanduku ya wageni hotelini. Chini ya baa kulikuwa na chumba cha ardhini, wanaweka vinywaji. Nje jua linakaanga watu, wewe ukishuka mle unapigwa na ubaridi mtamu. Nikajiapiza: siku nikijenga, lazima niwe na besmenti.

Nikapata ploti Bongwe. Hapakuwa na mtu Bongwe nzima mwenye besmenti. Pia hapakuwa na aliyeitaka, lakini hilo sikuliona wakati ule.

Tulichimba lile jiwe la matumbawe kwa sururu na mtaimbo miezi miwili. Wapita njia walisimama na kuuliza kwa upole, "Poleni. Nani amefariki?" Mwishowe shimo likapewa jina: Kaburi la Mbara, yaani mtu wa bara, ndiye mimi. Mimi nikasema huo ni wivu.

Fundi wangu alikuwa Rashidi, Mdigo wa Msambweni. Mwembamba, mdomo mkali, anajua mawe na chokaa kuliko mimi ninavyolijua jina langu. Tulielewana vizuri mpaka siku nilipoleta mchanga.

Mchanga wenyewe niliuzoa ufuoni. Mweupe, laini, umejaa pale, wengine wanahangaika kuagiza wa mtoni. Nikajiona nimewashinda akili. (Msinianze na mambo ya mazingira, ni zamani.)

Rashidi akachota kidogo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Bwana Mutua, huu una chumvi."

"Fundi, mimi sipiki mchuzi. Najenga."

"Haya. Chumvi ya mezani kwako, ukiiacha wazi asubuhi, jioni iko vipi?"

"Inalowa."

"Basi umejijibu. Ukuta wa mchanga huu utakunywa unyevu mpaka siku ya kiyama."

Mimi huyo, kichwa kimevimba. Nikamwambia sikutoka Ukambani kuja kufundishwa kuhusu ukavu. Akaosha mwiko wake, akaufunga kwenye gunia.

"Mwiko wangu hauingii humo," akasema. "Lakini yale matundu mawili ya upepo niliyoacha juu, nakuomba usiyazibe."

Nikayaziba wiki ile ile. Tundu la nini? La kukaribisha panya?

Nikaita fundi mwingine asiye na maneno. Tukapiga plasta ya simiti na mchanga wangu wa bure, kisha rangi ya mafuta ya buluu, mikono mitatu. Iling'aa, wakuu! Nilikuwa nawatembeza watu mle kama mwenye makumbusho. Na wanavua viatu.

Kisha mvua ikaja.

Waliokuwepo wanakumbuka. Haikuwa mvua ya kunyesha na kuacha, ilihamia. Barabara zilikatika, vyoo vikaelea, vyura wakawa wanaingia ndani bila hodi.

Jirani yangu alikuwa Bi Mwanakombo, mjane, muuza mahamri ya asubuhi. Nyumba yake ilikuwa ya makuti na ilikuwa imechoka. Binti yake, Mwanasha, alikuwa ameposwa na arusi ilipangwa mfungo mosi, mara tu baada ya Ramadhani. Mama yule alikuwa amemkusanyia vitu kwa miaka minne, hamri kwa hamri: leso doti thelathini, mashuka aliyoyatarizi kwa mkono, mito, na godoro la sufi.

Asubuhi moja akanijia, buibui limeloa mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwangu kunavuja mpaka juu ya mto wa kulalia. Nataka nikuwekee amana ya mtoto, sanduku na godoro, mpaka siku yake ifike."

"Leta, bibi. Kwangu tone la mvua halijui njia ya kuingilia."

Tukashuka. Akatazama kuta, akatazama juu, akavuta pumzi.

"Mbona humu hamna upepo?"

"Upepo ndio unaoleta vumbi, bibi."

"Vumbi? Kwa mvua hii?" Akaniangalia kidogo. "Haya. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Akaweka mkono juu ya sanduku, akasema bismillahi, akapanda ngazi bila kugeuka. Nikafunga kufuli mbili. Kwa watu wa huku, wakuu, amana si mzigo. Mtu akikuwekea amana amekuwekea uso wake. Mimi nililijua hilo kwa masikio tu.

Wiki zikapita. Sikushuka hata mara moja, kwa sababu niliamini kilichofungwa kimehifadhika.

Ramadhani ikaingia. Bi Mwanakombo akaja, anataka leso mbili akamwonyeshe shangazi yake Mwanasha. Nikamwambia asijisumbue na ngazi akiwa amefunga, nitamletea mwenyewe.

Nikafungua mlango.

Harufu ilinipokea kabla sijamaliza kuvuta komeo. Uvundo wa soksi ya askari aliyevuka mto na kulala nayo. Kuta zilikuwa zinatiririka, na haikuwa paa wala bomba, zenyewe tu zinatoa jasho. Rangi yangu ya buluu ilikuwa imevimba malengelenge. Ukiminya moja linatoa maji ya chumvi. Pembeni uyoga umesimama wima, umenyooka kuliko mimi.

Godoro la sufi lilikuwa jeusi upande mzima. Nikafungua sanduku. Koga, wakuu. Koga ya kijivu na madoadoa meusi kwenye leso za juu, na yale mashuka ya kutarizi yana rangi ya chai.

Nilikaa kwenye ngazi. Arusi ilikuwa wiki tatu mbele.

Mwanamume mzima angekwenda kusema. Mimi nikaenda kumwambia kufuli zimeshika kutu.

Halafu nikaanza udaktari. Siku ya kwanza nilishusha majiko matatu ya makaa, nikafunga mlango ili joto lisitoke. Niliporudi kutazama, kuta ndiyo zimezidi kutiririka, na mimi kichwa kikazunguka. Nilipanda ngazi kwa kutambaa kama kenge. Hapa sitanii: makaa ndani ya chumba kilichozibwa yanaua. Usijaribu.

Siku nyingine nikachukua leso moja, nikailoweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Koga ilitoka. Ua likatoka. Jina la leso, yale maneno yake, likatoka. Nikabaki na kitambaa kisicho na maoni.

Nikapaka rangi nyingine juu ya ile iliyovimba. Siku ya tatu ikaota chunusi. Nikanunua manukato Ukunda, nikanyunyiza. Sasa chumba kikanuka uvundo uliojipamba.

Na kila siku mbili tatu, "Mwanangu, kufuli zimefunguka?"

"Bado, bibi."

Mwisho nikakubali kwenda Msambweni. Nilimkuta Rashidi juu ya ukuta wa mtu, anapanga mawe. Aliniona, akaendelea na jiwe lake mpaka likakaa sawa.

"Karibu, Mkamba. Mchuzi umeiva?"

Nikamweleza yote, majiko, manukato na yote. Alicheka mpaka ikabidi ashuke, asije akaanguka bure na yeye amefunga. Kisha nilipotaja sanduku la nani, kicheko kikakatika.

"Bi Mwanakombo anajua?"

"Hapana. Nataka unikaushie kwanza, halafu..."

"Halafu nini? Sikiliza, bwana. Ukuta naweza kuutibu. Amana ina mwenyewe. Nenda ukamwambie, ndipo nifungue gunia langu."

Nilirudi Bongwe siku hiyo hiyo. Nilimkuta Bi Mwanakombo uani, anamenya muhogo wa futari. Mwanasha alikuwa kando yake, anakuna nazi. Nilikuwa nimepanga hotuba. Ilitoka sentensi moja: "Bibi, amana yako imeota koga, na kufuli hazikuwa na kutu."

Mbuzi ya kukunia ya Mwanasha ikanyamaza.

Mama yule aliendelea kumenya. Akamaliza muhogo wote, akaukata, akautia kwenye maji.

"Umekaa nalo siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili." Akapangusa mikono. "Siku ile ile ungeniambia, ningezianika. Koga ilikula wiki zile za kwanza kwa ujinga wako, hilo nakusamehe, wewe ni mtu wa bara. Hizi kumi na mbili imekula kwa sababu ya haya zako. Hizo utazilipa."

Mwanasha alikuwa analia huku anakuna nazi. Nimetukanwa na watu wengi maishani, na wengine walikuwa na kipaji, lakini hakuna tusi lililonifika kama ile nazi.

Mungu akatupa jua la siku nne. Tulitoa kila kitu nje. Bi Mwanakombo akaita jirani wawili, wakasugua madoa kwa limau na chumvi, kisha juani. Chumvi tena! Nilitaka kuuliza, nikaona heri ninyamaze.

Kazi yangu ilikuwa kuanika na kugeuza. Leso zilijaa kamba kutoka kwangu mpaka kwake, kando ya njia, na Bongwe yote ikapita pale.

"Mbara, umefungua duka?"

"Ile ya mawaridi nigeuzie, sijaisoma."

"Kaburi limetapika leo!"

Leso nyingi zilipona. Zikafukizwa udi mpaka zikasahau zilikotoka. Ambazo hazikupona nilizifuata mpya Mombasa, na jina la kila leso niliagizwa, sikuachiwa kuchagua. Mashuka mawili hayakupona. Hayo hayauzwi popote, na sina la kuongeza hapo.

Godoro tulilichoma. Nikanunua jipya, nikadhani nimemaliza.

"Bado," akasema Bi Mwanakombo. "Siku ya kupeleka vitu, godoro utalibeba wewe. Kichwani. Nyuma ya wanawake."

Nikalibeba, wakuu. Mimi mwenye besmenti. Kutoka Bongwe mpaka kwa bwana arusi, karibu na Ukunda, wanawake mbele wanaimba na kupiga vigelegele, mimi nyuma sioni njia. Wimbo wenyewe waliutunga hapo hapo, na Kaburi la Mbara lilikuwamo kwenye kiitikio.

Rashidi naye alitimiza. Alibandua plasta yote mpaka kwenye jiwe, akaufukuza mchanga wangu wa bure. Akazibua yale matundu, akaongeza mengine mawili upande wa pili ili upepo uingie huku utoke kule. Kisha akapiga chokaa na mchanga wa mtoni, bila rangi.

"Jiwe hili linakunywa maji na kuyatoa," akaniambia. "Wewe ulilifunga mdomo kwa rangi ya mafuta. Ulitaka litoe wapi?"

Besmenti ile ipo mpaka leo, kavu. Kavu ya Pwani, yaani si kavu sana, lakini hamna koga. Naweka soda.

Miaka mingi baadaye, Mwanasha akiwa na watoto wanaonizidi urefu, Bi Mwanakombo alikuwa anakwenda Mombasa kupasuliwa jicho. Nilikuwa barazani. Nikamwona anakuja polepole, kisanduku kidogo kwapani.

Sikuamini. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nakuwekea amana."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Alikwisha kupiga hatua mbili tatu, akageuka.

"Lakini iweke juu."

Basi, wakuu, langu ni hilo. Kwenye joto la huku kitu hakihifadhiwi kwa kufungiwa, kinahifadhiwa kwa kupitishiwa hewa. Mchanga wa bahari uache baharini. Na ukiharibu cha mtu, nenda ukaseme siku ile ile, jua likiwa bado linawaka.

Wenye vyumba vya chini, wenye kuta zinazolia, na nyinyi mlionicheka tangu mwanzo, uwanja ni wenu. Ila atakayeandika "Kaburi la Mbara" hapo chini, najua ni mtu wa Bongwe, na najua anakopa simiti kwa nani.