Ugonjwa Nilioupeleka Mkunya

Kompyuta sikuisomea darasani. Nilijifundisha mwenyewe hapa Masasi, na hofu ya kuonekana sijui haijawahi kuniacha. Nilipoitwa kufanya kazi na mtafiti wa magonjwa ya mikorosho na muuguzi wa zahanati, niliapa kutokosea hata mara moja.

Tulikuwa tunatengeneza ontolojia, yaani mpangilio wa istilahi unaoielewesha kompyuta kila kitu ni nini na kinahusianaje na kingine, ili kumbukumbu za shambani na za zahanati zisomeke pamoja. Muuguzi alitaka kujua kama vikohozi vya wakulima vinafuata upulizaji wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mtafiti alitafuta ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoua maua ya mikorosho. Wiki nzima walibishana kama kikohozi ni ugonjwa au dalili. Mimi nafuta, naandika upya.

Nikatunga kanuni niliyoiona safi: hakuna tiba bila ugonjwa. Anayejaza kwenye simu kwamba salfa imepulizwa, lazima kwanza achague ugonjwa, la sivyo fomu inagoma. Sikumuuliza mtu. Niliogopa kuuliza.

Msimu ulipokwisha, mtafiti akanionyesha matokeo. Mashamba yanayotunzwa vizuri yote yana ubwiri. Yaliyotelekezwa, mazima. Na shamba la mama mmoja wa Mkunya, ambako vikonyo vya kubebeshea miche, yaani vijitawi vya kuunganishwa kwenye miche michanga, hukatwa kila mwaka, lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya mashamba ya vikonyo kwa sababu ya ugonjwa. Tukapanda mlima kwenda kwake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiye wewe uliyeitia ugonjwa mikorosho yangu?”

Nikajitetea. “Fomu inasema ulipuliza salfa kwa sababu ya ubwiri.”

“Nani anausubiri ubwiri? Maua yakianza kuchungulia tu, tunapuliza. Wewe kwenu mnaezeka paa mkishalowa?”

Mtafiti alicheka. Mimi nilitamani kulia. Nimekulia Lupaso, katikati ya mikorosho. Kila mwaka nilimwona baba akipuliza kabla ya kuonekana doa lolote jeupe. Nilijua. Nilipokaa mbele ya kompyuta nikajifanya sijui, kwa sababu jambo hilo liliharibu mpangilio wangu.

Kuongeza “kinga” kwenye ontolojia kama sababu ya kupuliza hakukuchukua hata saa moja. Kumbukumbu za nyuma ndizo zilizonishinda. Waliojaza walikuwa wamebonyeza ugonjwa wowote ili fomu ipite, na hakuna aliyekumbuka ni shamba lipi liliugua kweli. Nikataka kuyaandika mashamba yote kuwa mazima. Mtafiti akakataa: “Umekosea kwa kukisia, sasa unataka kusahihisha kwa kukisia?”

Nikaandika “haijulikani”, shamba baada ya shamba, hadi la Mkunya. Kisha nikampigia yule mama.

“Kwa hiyo limepona?” akauliza.

“Haijulikani, mama.”

“Mimi najua. Njoo uniulize.”

Nilikwenda, lakini vikonyo vya mwaka huo vilikuwa vimeshakatwa kwingine.