Viatu Vipya vya Lin

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua hapa hapa nyumbani kwetu Hayes, mwanangu, bibi yako alipomkuta mpangaji wetu akishuka ngazi kinyumenyume. Kinyumenyume, kashika ukuta kwa mikono miwili kama mtu anayeteremka mnazi. Alikuwa msichana wa Kichina, jina lake Lin, amekodi chumba chetu cha juu, na mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Bibi yako kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, miguu mibovu aliijua. Alisimama chini ya ngazi na bakuli la unga mkononi, akamngoja mpaka akafika.

"Kisigino hicho kina nini?"

"Viatu vipya, Mama."

"Viatu gani, mwanangu? Uko pekupeku."

Mimi nilicheka. Bibi yako hakucheka.

Najua utaniuliza Lin ndiye nani. Lin alicheza badminton, mpira huu huu wa vinyoya unaocheza wewe, tena wawili wawili kama wewe na Simran. Alitolewa kwao mdogo, meno ya mbele hayajaota yote, akapelekwa shule ya michezo, akalala huko na kukulia huko. Mwalimu akamwoanisha na mtoto mwenziwe aitwaye Yan, na tangu siku hiyo wakawa kitanda cha juu na kitanda cha chini. Walipokosa nafasi katika timu kubwa ya nchi yao wakaja London pamoja, kuchezea klabu na kufundisha watoto. Yan alikaa kwa mjomba wake Croydon. Walichokitaka kilikuwa kimoja tu: wang'are hapa, waitwe nyumbani. Na huko jozi huitwa jozi. Wangeitwa wote wawili, au asiitwe mtu.

Nilikuwa nikiwafuata ukumbini kuwatazama. Yan alicheza mbele, karibu na wavu, Lin nyuma. Lin ndiye aliyenifundisha kwamba wa mbele hageuki kumtazama mwenziwe. Akigeuka, kinyoya kitamkuta cha uso. Basi husikiliza miguu. Yan aliijua miguu ya Lin kama wewe unavyojua, ukiwa chumbani kwako, kwamba aliyefungua mlango wa mbele ni mimi na si baba yako.

Turudi kwenye ngazi. Bibi yako alimkalisha pale chini, akakibonyeza kisigino kwa kidole gumba. Lin akageuka rangi, lakini sauti haikumtoka. Hata "ai" ya kawaida.

"Hata kulia walikunyima?" bibi yako akamuuliza.

Ndipo Lin akatuambia. Kule shuleni kwao, mtoto aliyesema anaumwa alifungiwa mkoba wake arudi kwao, na kabla ya chakula cha mchana mwingine ameshatandika kitanda chake. Kwa hiyo walijifunza kunyamaza. Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Wallahi, mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Mtu mzima mwenye akili zake anamfundisha mtoto kuuogopa mwili wake mwenyewe, halafu anaita mazoezi.

"Hapa mwalimu wako hayupo," bibi yako akamwambia. "Daktari nitakupeleka mimi. Lakini mwenzio mwambie wewe, leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikimwambia atatafuta mwingine."

"Umemuuliza?"

Bibi yako akarudi jikoni kwenye maandazi yake, na kwa namna alivyokuwa akiukanda ule unga, ungedhani umemkosea adabu.

Lin hakwenda kwa daktari. Wala hakumwambia Yan. Alijifunga plasta pana chini ya soksi na kuendelea. Siku ya mashindano, siku waliyosikia kwamba kuna watu wamekuja kutoka kwao kuwaangalia, nilikuwa nimekaa pembeni ya uwanja na mfuko wa maandazi, maana Lin alikuwa akiyapenda yakiwa yamepoa. Walikuwa wanaongoza. Kinyoya kikapanda juu sana, kikaenda nyuma kwa Lin. Yan akakiacha, si chake. Lin akaruka, na tukasikia mlio, pa, kama mtu kapiga meza kwa rula.

Yan hakugeuka. Hilo ndilo lisilonitoka, mwanangu. Alisimama ameelekea wavu, raketi juu, akingoja miguu. Kinyoya kikaanguka, ukumbi ukanyamaza, yeye bado anangoja. Ndipo polepole akashusha mkono.

Lin alikuwa chini, mshipa wa kisigino umekatika. Yan akapiga magoti, wakasemezana Kichina, maneno machache tu. Hospitali Lin akatutafsiria, na hapo ndipo nilipomwona akilia mara ya kwanza. Yan alimwambia: "Nilisikia miguu inajikokota, nikakuuliza. Ukaniambia viatu vipya. Ningecheza nyuma mimi."

Ningecheza nyuma mimi. Basi. Kumbe aliyekuwa akiogopwa ndiye aliyekuwa tayari kubeba.

Aliyeanguka mmoja, walioumia wawili. Mguu ulipona kiasi cha kutembea, si kuruka. Waliokuja kuwaangalia waliondoka na majina mengine. Klabu ikampa Yan mwenzi mpya, mambo hayakuwa, akarudi kwao akafungua duka la simu. Simu ya Lin hakuipokea tena. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na watu husema hivyo wakicheka. Mimi tangu siku ile siwezi kucheka.

Mwezi uliopita nilimwona Lin kituo cha basi, kavaa koti la kazi la ghala la huko uwanja wa ndege. Anachechemea kidogo, mpaka uangalie sana. Akaniuliza, "Mama hajambo?" Nikamwambia Mama ametangulia. Akanishika mkono, akasema "Pole," kwa Kiswahili, vilevile bibi yako alivyomfundisha.

Sasa wewe. Jana nakuuliza kwa nini unashika kikombe kwa mkono wa kushoto, unanijibu, "It's just the new racket, Mum," eti ni raketi mpya tu. Nakuvuta shati naona plasta mpaka kiwikoni. Nimekasirika, sitakuficha, na nikafoka mpaka jirani akagonga ukuta. Leo naandika kwa sababu nikifoka unaziba masikio, na ninataka hili likuingie.

Sina mvi, lakini lisikilize kama la mwenye mvi. Maumivu si aibu. Mwalimu atakayekufungia mkoba kwa sababu umesema unaumwa, huo mkoba nitaubeba mimi mwenyewe, na maneno yangu atayapata. Kwa daktari tunakwenda, nimeshapiga simu. Lakini Simran usimwambie kupitia kwangu. Mwambie kwa mdomo wako, kesho kwenye basi, kabla hamjazungumza jingine lolote. Huenda akakasirika, huenda Jumamosi akacheza na mwingine, na wewe ukakaa pembeni ukatazama. Utaumia. Umia hivyo. Mwenzio kakupa mgongo wake kwa kukuamini, usimlipe kwa viatu vipya.

Mungu akuponye mkono, mwanangu. Akupe mwenzi atakayeuliza, na akupe wewe ulimi wa kumjibu kweli. Na siku utakapokuwa mbele wewe, nyuma yako kukawa kimya, kisiwe kimya cha mtu aliyekuogopa. Amina.