Jina la mama mkwe nimelifanya langu, na Jumatatu anakwenda kuniapia

Admin, nifiche tafadhali. Hata jina lenyewe tunalogombania nimelibadilisha, tuliite Kabula. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa Bariadi, nina mtoto mmoja wa kike. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnishauri.

Mama mkwe wangu ndiye Kabula. Enzi zile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika huku, kila mmoja na mizani yake, yeye alikuwa anawauzia wapakiaji matobolwa. Kwa msiojua, ni viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa mpaka vinakuwa vya kutafuna. Watu walikuwa wanaulizana, "Ya Kabula yamekuja leo?" Hakuwa na kibao wala mfuko wenye jina, na bado yaliisha kabla ya saa sita.

Nilipozaa, mtoto akapewa jina la bibi yake kama desturi ya huku. Mama mkwe alimpakata akacheka mpaka machozi. "Huyu wajina wangu! Msimwite mtoto, mwiteni mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Biashara nilijifunza kwake. Ila mimi ni mtu wa haraka, nikaona mambo ya kuuzia kwenye beseni yamepitwa na wakati. Nikachapisha mifuko, neno KABULA kubwa jekundu, nikafungua ukurasa mtandaoni. Mzigo ukaenda Mwanza, ukaenda Dar. Nilijituma, hilo hata wanaonichukia hawawezi kulikataa. Sasa wifi yangu, binti pekee wa mama mkwe, yuko Ngulyati, naye akaanza kufungasha na kuuza mtandaoni kwa jina hilohilo. Alifundishwa na mama yake tangu yuko darasa la pili, mimi nimekuja kujua kuanika nikiwa mke wa mtu. Lakini roho iliniuma! Nikaona ananidandia.

Nikaenda kuomba kusajili alama ya biashara. Wakaniuliza mmiliki ni nani. Nikataja jina langu. Sikumtaja mama mkwe wala mtoto. Langu peke yangu. Halafu nikaripoti ukurasa wa wifi kwamba anatumia jina la biashara ya watu, ukafungwa.

Wifi alikuja mpaka kwangu. "Wifi, mimi unanikataza jina la mama yangu mzazi?"

Nikamjibu kwa kiburi, nimekunja mikono, "Hilo ni jina la mwanangu. Kama huridhiki, nenda kashitaki."

Akaenda kweli. Akaweka pingamizi kwa msajili, kwamba jina lilishajulikana sokoni kwa mama yake kabla mimi sijatia mguu Bariadi. Nikachanganyikiwa. Wakili wangu akaniuliza, "Si una mtoto anaitwa Kabula? Basi tunasema umelitoa kwa mtoto. Bibi mwenyewe akiapa hivyo, pingamizi linakosa nguvu."

Nikamfuata mama mkwe. Nilimkuta anaanika viazi juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mayu, lile jina tumemwandikisha wajina wako, liwe lake akikua. Wifi ndiye anataka kumnyang'anya." Yesu wangu, nilisema vile bila hata kumeza mate!

Alinishika mikono yote miwili. "Wabeja, ng'wanone," akanishukuru. Ng'wanone maana yake mwanangu. "Basi hata nikifa nitabaki." Palepale akampigia binti yake simu. "Unamnyang'anya mtoto wa kaka yako? Usikanyage kwangu!" Nilimsikia wifi upande wa pili analia, "Mama, si kweli, nenda kaulize lilipoandikishwa!" Mama akakata.

Tangu siku hiyo hawasemeshani. Kanisani wifi anasogea kumwamkia, mama anageuza uso, na mimi nimekaa pembeni yake nimeshika kitabu cha nyimbo. Mume wangu anafanya kazi Mwanhuzi, naye nimemdanganya hivyohivyo. Amegombana na dada yake kwa ajili yangu. Anawaambia watu amepata mke anayemfikiria mtoto. Kila nikitaka kumwambia, naishia kumuuliza habari za kazi.

Mtaniambia nibadilishe umiliki, niandike mtoto. Nimemuuliza wakili, akasema tukigusa sasa tutakuwa tumejishitaki wenyewe. Na jamani nisiwafiche, kuna sehemu ya moyo wangu haitaki kuachia. Nikiona ile mifuko dukani nasikia raha. Halafu namkumbuka yule mama, naona aibu.

Jumatatu anakwenda kuapa kwa wakili, hapahapa mjini. Ameshatafuta na mtu wa kumwachia mbuzi. Jana amenipigia.

"Ng'wanone, wakiniuliza jina ni la nani, niseme ni la mjukuu wangu, si ndiyo?"

Nikasema, "Ndiyo, mayu."

"Nimeona nikuulize tena, maana nakwenda kumtaja Mungu. Sijawahi kuapa uongo tangu nizaliwe, sitaki kuanza uzeeni."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alipokata nilikaa chini sakafuni, nikalia mpaka mwanangu akaja kuniuliza nani amenipiga.

Nikimwambia ukweli nitapoteza biashara, na ndoa sijui kama itapona. Nikinyamaza, mama wa watu ataapa uongo kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu ameniamini mimi, na binti yake atazidi kuwa adui. Leo ni Jumamosi. Wenye hekima nisaidieni, nianzie wapi kumwambia?