Upande wa Chemchemi

Mvua za kwanza zikinyesha, mabondeni kunalimwa, na ng'ombe wote wa kitongoji chetu wanapanda mlimani mpaka watu wavune. Mlima unagawanywa kwa kura ya vijiti. Anayevuta kirefu anapata upande wa chemchemi. Asiyefika anaachiwa upande unaotazama barabara ya Rusumo, mawe matupu, maji hakuna. Mwaka huu tulikuwa na ng'ombe aliyezaa juzi tu, kwa hiyo nyumbani hatukuongea kitu kingine.

Ijumaa nilikutana na mwenyekiti wa kitongoji njiani. Nikamwamkia, akaitika.

"Mwambie baba yako kesho asubuhi kuna kura, kule juu kwenye jiwe."

Mwenyekiti anasema kurara, anasema chakura. Nimemzoea, namnyoosha kichwani kabla hajamaliza. Na kura kawaida ni Jumapili baada ya ibada. Halafu walikuwepo wageni wa mjini, wale wanaopanda na mabegi mgongoni kupiga picha za Rwanda. Huwa wanachoma mbuzi pale pale kwenye jiwe, wanatuita. Nilikuwa na haraka, sikuuliza.

Nikamwambia baba kesho kuna kula na wageni.

"Mimi sina njaa," akasema.

Jumamosi saa nne jirani yetu Msukuma akateremka na kijiti kirefu mkononi.

"Baba yenu anaumwa? Tumemsubiri mpaka jua limetuchoma."

Baba akanitazama. "Mwalimu wa Kiswahili," akasema, basi.

Mwenyekiti alikataa kura irudiwe. "Nilisema kura. Sikusema chakura."

Jioni nikaenda kwa jirani peke yangu, nikamwambia kosa ni langu, siyo la baba. Alicheka mpaka akamwita mkewe aje asikie.

"Mlete huyo mama na ndama wake," akasema. "Wengine hapana, maji hayatoshi. Ila utanichungia na wa kwangu, wanangu wako shule."

Nikakubali.

Ndama anakunywa vizuri, ameanza kunenepa. Wageni wakipita wananiuliza kileleni ni mbali, nawaambia nusu saa. Upande wa pili baba anawapandishia maji ng'ombe wetu wanne, dumu mkono huu na dumu mkono huu. Nimemwambia tubadilishane siku moja moja. Amesema atafikiria.